Mungu Hakuja kwa Meli

Mwaka 1969 John Mbiti, kasisi wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui aliyekuwa akifundisha Makerere, alichapisha kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Msimamo wake ulikuwa wazi: Waafrika walimjua Mungu kabla wamisionari hawajatia mguu bara hili.

Byang Kato wa Nigeria alimpinga vikali, akihofia Injili ingemezwa na mila. Hofu hiyo ina uzito, lakini Mbiti ndiye aliyeona mbali.

Padri Charles Nyamiti wa Tanzania akaenda mbele zaidi. Mwaka 1984 alimfafanua Kristo kuwa mhenga wetu, ndugu anayewaunganisha wanadamu na Baba.

Vyuo vyetu vya theolojia vifundishe mawazo ya wanazuoni hawa mwaka wa kwanza, kabla ya yale ya wanatheolojia wa Kijerumani.