Usimwambie Apulize kwa Nguvu



Leo nasema na wapiga vyombo wetu, na zaidi sisi tunaowasikiliza. Kijana anajifunza filimbi. Anapuliza, upepo unatoka fuuu, noti yenyewe iko mbali. Mmoja anamwambia, "Puliza kwa nguvu!" Mwingine ananong'ona kwamba hana kipawa. Wote wawili wamekosea, na kwa maneno kama hayo chombo huishia chini ya kitanda.

Wengi wa watoto wetu walianza na rekoda shuleni. Rekoda ina njia ya hewa ndani yake. Wewe unapuliza tu, yenyewe inapeleka pumzi kwenye ukingo. Lakini filimbi ya kushikwa kwa ubavu, iwe ya chuma au chivoti ya ndugu zetu Wadigo kule Pwani, haina njia hiyo. Midomo yako ndiyo njia. Pumzi inatakiwa kugonga ukingo wa mbali wa tundu. Ukiachama sana, nyingi inapita bila kugonga, na hiyo ndiyo fuuu tunayosikia. Ukiongeza nguvu, unaongeza upepo na kizunguzungu.

Waosha dhahabu wa hapa Masara wanaelewa. Ukimwaga maji kwa pupa, dhahabu inaondoka na tope.

Basi kijana, fanya hivi. Kama filimbi yako inafunguka, toa kichwa chake ukipulize peke yake mbele ya kioo. Mdomo wa chini ufunike kama robo ya tundu. Uwazi wa midomo uwe mdogo, taya lisikazwe. Zungusha kidogo kidogo, ndani na nje, mpaka sauti ikusanyike. Hapo shikilia noti moja, hesabu polepole hadi nane, pumzika, rudia. Dakika 10 kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi usiku. Na kama noti za juu ni safi lakini za chini zinakataa, angalia vidole: tundu lisilofunikwa vizuri linavujisha hewa.

Paulo aliligusa jambo hili katika 1 Wakorintho 14:7. Filimbi isipotofautisha sauti zake, msikilizaji atajuaje kinachopigwa? Kwa hiyo kutafuta sauti safi si majivuno. Ni kumhudumia anayesikiliza.

Viongozi wa sifa, msimpandishe kijana jukwaani kabla sauti haijakusanyika, kisha mkaongeza maikrofoni. Maikrofoni inakuza upepo pia. Mpeni kona ya mazoezi na muda. Na wewe mzazi, jioni ukisikia fuuu chumbani, usimwambie anyamaze. Hiyo noti moja ndefu inayokuchosha ndiyo kazi yenyewe.

Una kijana anayejifunza chombo nyumbani? Mtumie ujumbe huu.