Mrs Kay, Mr Briggs na Dubu wa Kwenye Shimo

Makamanda, leo naomba tuziweke pembeni kidogo siasa za majukwaani. Nataka kuzungumzia igizo la Uingereza, Our Day Out la Willy Russell, lililorushwa na BBC mara ya kwanza mwaka 1977. Wengi wakiliona wanasema ni hadithi nyepesi: mwalimu mpole mzuri, mwalimu mkali mbaya, kwisha habari. Mimi nakataa.

Kwa asiyelijua, ni hivi. Watoto wa Liverpool ambao kusoma na kuandika kumewapiga chenga wamewekwa kwenye kitu kinaitwa Darasa la Maendeleo. (Jina zuri, kama ilivyo kawaida ya wakubwa wakishawakatia tamaa watu.) Wanapakiwa kwenye basi kwenda kuiona ngome ya Conwy, Wales. Mwalimu wao Mrs Kay anataka wafurahi tu. Mkuu wa shule hamwamini, hivyo anampachika Mr Briggs safarini akalinde nidhamu. Yaani kamisaa kabisa. Huyu ni wa kaa chini, nyamaza, toa mikono dirishani.

Mrs Kay ana akili ya mtaani. Dereva anapogoma watoto wasile pipi wala kunywa soda ndani ya basi lake, mama hagombani naye. Anamwambia kwa huzuni kwamba hawa ni maskini, hata hela ya pipi hawana. Dereva roho inamlainika, anawanunulia mwenyewe. Uongo mtupu, lakini nani angemkasirikia?

Tatizo lake linaonekana baadaye. Watoto wanaiba dukani. Wakifika bustani ya wanyama wanaondoka na wanyama wadogo wamewaficha ndani ya nguo. Hapo wale wa "wapeni watoto uhuru" huwa wanakaa kimya. Tena lililo kubwa zaidi halihusu hata wizi. Kule ngomeni, Briggs anapombana, Mrs Kay anafunguka: hawa wamechelewa, walikataliwa tangu walipozaliwa, walizaliwa wawe vibarua wa viwandani na viwanda vyenyewe vimefungwa. Basi tuwape japo siku moja nzuri.

Sikiliza hiyo kauli vizuri. Ndani ya upole wake kuna mtu aliyeshasalimu amri. Anawapenda, hilo sibishi, na namwelewa, maana Liverpool ya miaka ile ilikuwa inapoteza kazi kweli bandarini na viwandani. Lakini mtoto anayependwa na mtu asiyetarajia chochote kutoka kwake atafika wapi? Na Briggs, pamoja na kelele zake zote, ndiye anayewaonyesha majengo kupitia dirisha la basi, ndiye anayewaeleza habari za wanyama kule bustanini, hata anaanza kufurahia. Kwa muda mfupi mkali ndiye anayefundisha.

Halafu anakutana na dubu. Dubu yuko kwenye shimo, na watoto wanamuonea huruma. Briggs anawatuliza: huyu kazaliwa humo, hajui maisha mengine. Mtoto mmoja anahoji, sasa kama hajui, mbona anahangaika kutoka? Mwalimu hana jibu la maana. Kwangu mimi hapo ndipo penye igizo. Mtoto wa darasa la walioshindikana kauliza swali ambalo walimu wote wawili hawajajiuliza, mmoja kwa sababu anaamini shimo ni utaratibu, mwingine kwa sababu anaamini halina ngazi.

Carol, binti wa miaka 13, anaenda mbali kuliko hilo swali. Kafika ufukweni, kaona bahari, na hataki kurudi mtaani kwao. Briggs anamkuta ukingoni mwa genge. Anaanza kwa amri kama kawaida yake. Amri haifui dafu, maana mtoto aliye tayari kuruka unamtishia na nini? Ikabidi aongee naye kama mtu, hata atabasamu. Binti anateleza, mwalimu anamdaka. Baada ya hapo Briggs mwingine kabisa: anawapeleka kwenye bembea, anavaa kofia ya kuchekesha, anaimba, anapigwa picha.

Sasa ubaya wake. Kurudi Liverpool, anajitolea kumsafishia Mrs Kay mkanda wa kamera. Akiwa peke yake kwenye gari anautoa, anaufungua kwenye mwanga, picha zote zinaungua. Hakumpigia kelele mtu, hakumgusa mtoto. Ila mimi ukali wake wote wa asubuhi namsamehe kabla ya hili. Ameona aibu kuonekana binadamu, akafuta ushahidi. Kesho shuleni ataweza kuwa yule yule wa jana, na watoto hawatakuwa na cha kumwonyesha.

Russell aliwajua watu hawa. Aliacha shule na miaka 15, akawa msusi wa saluni, baadaye akarudi kusoma mpaka akafundisha hapo hapo Liverpool. Ndiyo maana hakumpa yeyote kati yao ushindi.

Sisi huku mjadala umekwama kwenye achapwe, asichapwe. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kila aliyesoma anajua zinavyofuatwa. Mimi fimbo naipinga. Lakini siku tukiifuta kesho yake asubuhi, bado kuna mwalimu mmoja mbele ya darasa lililofurika, na wale wa viti vya nyuma ambao hakuna anayetarajia wafaulu. Mwalimu mpole atawaacha walale. Mkali atawatoa nje. Ni yupi kati ya hao aliyewahi kuwafundisha kusoma?