Tujifunze Kiingereza: "Found" au "founded"?

Mwezi huu tushike kitenzi kimoja kidogo ambacho kinasumbua wanafunzi wengi wa umanite, na hata wazazi wao wakipata barua ya Kiingereza: "find". Maana yake ni kukuta, kupata au kuona kitu, uwe ulikuwa unakitafuta, uwe umekutana nacho tu njiani. Kwa Kifaransa ni "trouver".

Taabu inaanza tukitaka kusema mambo ya jana. Kitenzi hiki hakikubali ile "-ed" ya mwishoni tuliyozoea. Usiandike "finded", hakuna. Kinageuka katikati:

Kila siku: I find (inasikika kama "faind").
Jana: I found ("faund").
Nimeshakuta: I have found.

Mpaka hapa, hakuna neno. Lakini kumbe kuna kitenzi kingine ambacho jina lake tangu mwanzo ni "found"! Hicho maana yake ni kuanzisha, kuweka msingi. Kwa Kifaransa ni "fonder". Waashi wetu wakisema "fondasio ya nyumba", wanatumia neno la ukoo huohuo. Na chenyewe kinafuata kanuni:

Kila siku: I found.
Jana: I founded.
Nimeshaanzisha: I have founded.

Kijana atauliza: "Mwalimu, 'founded' si ni 'found' yenye nguvu zaidi?" Hapana. Ni vitenzi viwili, kila kimoja na baba yake. "Find" ni neno la zamani la Waingereza wenyewe. "Found" ya kuanzisha waliichukua kwa Wafaransa, nao Wafaransa waliitoa katika Kilatini.

Shika kanuni hii moja, itakutosha: "found" ya jana inasema kitu kilikuwapo kabla sijafika. "Founded" inasema kabla yangu hakikuwapo.

Tuipime hapa kwetu. Dr Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mwaka 1999. Tunaandika: Dr Mukwege founded Panzi Hospital in 1999. Ukiandika "found", umesema daktari alipita njiani akaikuta hospitali imekwisha simama. Kwa silabi moja umemnyang'anya kazi yake.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone kule Ujiji, kando ya ziwa letu la Tanganyika. Hapo ni "found": Stanley found Livingstone. Na kanuni yetu inasimama: Livingstone alikuwapo. Watu wa Ujiji walikuwa wanamwona kila siku, hakuwa amepotea machoni pao. Anayesema "found" anasema habari za macho yake mwenyewe tu.

Je, Bukavu? Vitabu vingine vinasema kwa ufupi kwamba Wazungu "founded" mji huu. Tusome polepole. Posta, ofisi na barabara za kikoloni, ndiyo, walizianzisha. Hata jina Costermansville ni wao waliolileta, likadumu mpaka miaka ya 1950. Lakini mahali penyewe, na Washi waliokuwa wakilima na kuchunga hapa, waliwakuta. Jina Bukavu lenyewe, wazee wanalieleza kwa neno la Mashi nkafu, yaani ng'ombe. Palipo na ng'ombe, mwenye ng'ombe yupo. Basi, offisi: founded. Watu: found.

Na machimbo? Wapelelezi wa madini walikuta dhahabu katika Kivu miaka ya 1920: gold was found. Kampuni ya SOMINKI iliundwa mwaka 1976: SOMINKI was founded. Huwezi kubadilishana. Kampuni inaanzishwa, shimo linafunguliwa, lakini dhahabu haianzishwi na mtu yeyote. Sisi sote tunaikuta tu.

Jambo hili si la mtihani peke yake. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na karatasi za Kiingereza zinazidi kufika kwetu. Tuseme vijana watano wa Kamituga wameunda koperative yao, wanaandika barua kuomba msaada wa mashine. Wanaandika: We found this cooperative in 2019. Msomaji wa mbali ataelewa kwamba waliikuta ya wengine. Atauliza: mwenyewe ni nani? Na yule aliyejiunga jana akiandika "founded", amejipa haki ya wale waliotoka jasho la kwanza. Ukipewa karatasi utie sahihi, tafuta neno hilo kwanza.

Kwa wapenda mambo ya ndani: iko "found" ya tatu, ya kuyeyusha chuma na kukimimina, ndugu ya "fondre" na ya fonderi. Lakini siku hizi watu husema "melt". Itambue tu, usiitumie.

ZOEZI. Weka "found" au "founded":
1. Baba alikuta mbuzi wetu karibu na Ruzizi.
2. Mama sita walianzisha kwaya ya parokia.
3. Nimepata ufunguo wako.
4. Nani alianzisha shule hii?

Majibu: 1. found. 2. founded. 3. found. 4. founded.

Ukikosa moja, rudi kwenye kanuni: kilikuwapo, au hakikuwapo? Zoezeni nyumbani, mkubwa amuulize mdogo. Tuonane mwezi ujao.