Jini wa Kitabuni na Mnong'ono wa Kijijini



Mwezi uliopita, jioni moja baada ya sala, mama mmoja wa hapa Kiegei alitujia barazani ameshika kitabu kwa ncha za vidole, kama mtu ashikaye kitu asichotaka kimguse. Alikikuta chini ya mkeka wa mwanawe. Akatuamkia, tukamwitikia, naye akasema, "Mwalimu, humu mna jini na watu waliogeuzwa manyani. Mtoto hukisoma usiku kwa sauti, na baba yake, badala ya kumkataza, husogea karibu apate kusikia. Je, nikitie motoni?"

Tukakitazama. Kilikuwa Adili na Nduguze, kazi ya marehemu Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952. Tukamwomba mama atuachie kitabu siku chache, tukamwahidi jibu. Jibu lenyewe ndilo hili, nasi twalitoa mbele ya wote, maana swali lake ni swali la nyumba nyingi.

Kwanza tuseme yaliyomo. Mfalme Rai wa Ughaibuni apata habari kwamba liwali wake, Adili, mtu mwema asifiwaye na watu wote, huwapiga manyani wawili kila usiku, kisha huwabembeleza kwa machozi na kuwalisha. Mfalme ataka kujua sababu. Ndipo yajulikanapo kuwa manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, ambao kwa husuda walimtupa baharini. Huria, jini ambaye Adili alimtendea wema zamani, akamwokoa, akawageuza ndugu wale wawe manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Hivyo yule aliyekosewa ndiye awaliliaye waliomkosea. Mwishowe mfalme awaombea, nao warudishiwa umbo la watu.

Basi, mtu yeyote aliyepata kugombana na ndugu yake kwa ajili ya mikorosho ya urithi atakiri kwamba habari hiyo haikutokea Ughaibuni peke yake. Majina yenyewe yatuambia: Adili, Hasidi, Mwivu. Mtoto huifuata hadithi kwa sababu ya jini. Baba yake huifuata kwa sababu ya ndugu. Kitabu ni kimoja, na kila mmoja hula humo kwa kadiri ya meno yake.

Tena hadithi za ajabu hazikuingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Unguja, alipiga chapa hadithi za Waswahili kama alivyozisikia kwa wenyewe. Mlikuwamo habari za paa aliyempatia maskini mmoja utajiri na mke wa kifalme, na maskini yule asimshukuru. Mlikuwamo na paka aliyekua akawa nunda mla watu. Miaka 6 baadaye, mwaka 1876, Steere huyo huyo, ambaye sasa alikuwa Askofu, alipanda na watu waliokombolewa utumwani akaanzisha misheni Masasi, majirani zetu wa karibu. Alizipiga vita biashara ya watumwa na ujinga, lakini paa asemaye hakumpiga vita.

Mwaka 1940 ilitoka kwa Kiswahili hadithi ya Elisi, binti aliyeingia katika nchi ya ajabu akazungumza na wanyama. Na mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine mpya, kazi ya Ida Hadjivayanis. Mtungaji wa kwanza wa habari hiyo, Lewis Carroll wa Uingereza, alikuwa shemasi. Mwandishi mwingine, C. S. Lewis, Mkristo aliyeandika sana kuitetea imani, alitunga vitabu 7 kati ya mwaka 1950 na 1956 juu ya nchi iitwayo Narnia, ambayo simba wake anena na mchawi wake ageuza viumbe mawe. Nasi tukifungua kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, twamkuta Yothamu akisimama juu ya mlima na kuwaeleza watu jinsi miti ilivyotoka kwenda kujitafutia mfalme. Hakuna aliyemwuliza Yothamu ni lini miti ilipata miguu. Walijua anasema nini, na kwa sababu walijua, ilimbidi akimbie.

Hata hivyo, wapenzi, hatukumjibu mama yule kwa wepesi, kwa kuwa sisi wenyewe tulipata kukosa katika jambo hili, na kosa letu halikuwa dogo.

Ni miaka kadhaa sasa. Kifungua mimba wetu alikuwa akisoma kitabu hiki hiki, nasi tukamnyang'anya, tukakifungia sandukuni pamoja na karatasi za ubatizo. Tulijiona tumeilinda nyumba. Mwaka ule ule, wakati wa masika, akafariki kijana mmoja wa jirani, aliyeugua siku chache tu. Tulikaa matangani pamoja na wenzetu. Usiku wa pili, watu walipokuwa wakiota moto, mnong'ono ukaanza. Mmoja akasema kwamba bibi mmoja mjane, akaaye peke yake njia ya kisimani, alionekana akipita karibu na nyumba ya mgonjwa. Mwingine akasema macho yake ni mekundu. Wa tatu hakusema neno, alitikisa kichwa tu, na kutikisa huko kulikuwa kubaya kuliko maneno.

Sisi tulikuwapo. Tulikuwa na Misale mfukoni. Tukanyamaza.

Siku zilizofuata watoto wakaacha kumtekea bibi yule maji. Wakimwona njiani walikatiza porini. Ndipo jioni moja mwana wetu akatuuliza, "Baba, Huria wa kitabuni hayupo, mwalimu wa shule alituambia kuwa ni hadithi. Je, haya ya Bibi nayo ni hadithi?"

Twaungama kwamba jibu tulilompa lilikuwa la mtu mwoga. Tulimwambia aende akalale.

Hapo ndipo tulipoanza kuona tulivyolinda mlango usio na mwizi. Tazameni tofauti iliyopo. Mwenye hadithi husema kwanza, "Paukwa," nanyi humjibu, "Pakawa." Neno hilo ni kizingiti. Kila aketiye hapo, hata mtoto wa miaka mitano, ajua kwamba sasa twavuka kuingia nchi isiyokuwapo, na hadithi ikiisha tutarudi nyumbani. Jini wa upande ule hadai damu ya mtu wa upande huu. Bali mnong'ono hauna paukwa. Huingia bila hodi, huvaa nguo za habari ya kweli, hutaja mtu mwenye jina na nyumba, wala hauna mwisho wake. Hadithi husema, "Palikuwa na mtu mwovu, jina lake Hasidi," na kila msikilizaji hujichungulia moyoni. Mnong'ono husema, "Mwovu ni yule pale," na hakuna ajichunguliaye.

Twajua sote mnong'ono huo wafika wapi. Katika nchi yetu vikongwe wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na miaka ya 1990 mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilivuma kwa habari hizo za huzuni. Waliowaua hawakufundishwa na vitabu vya hadithi. Walifundishwa na maneno ya watu wazima kando ya moto, pale ambapo wenye akili walinyamaza.

Hatusemi kwamba kila kitabu kifaa kila mtoto. Kitabu kimfundishacho msomaji kupiga ramli, au kumfunga mwenzake kwa dawa, hicho si hadithi, na chastahili kukataliwa. Lakini kwa hadithi zilizo hadithi, shauri letu kwa wazazi ni hili. Someni pamoja nao, kama afanyavyo baba wa mtoto yule. Waacheni waogope kidogo, mkiwa karibu nao. Kitabu kikifungwa, waulizeni: Ni nani aliyekosewa? Ni nani aliyesamehe? Wewe ungalifanyaje? Na mkisikia jina la jirani likitajwa kwa uchawi mbele yao, semeni hapo hapo kwa sauti isikiwayo, "Hilo hatulipokei," maana amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikusema ila penye msiba.

Mtoto aliyezoea kuijua hadithi kuwa ni hadithi, huyo atakuwa wa kwanza kuuliza swali kama lile la mwana wetu. Heri akute mzazi aliye tayari kulijibu.

Wasomaji watauliza, bibi yule alipatwa na nini? Tulipopata moyo wa kwenda kwake, tukiwa na ndoo ya maji mkononi, tulikuta mlango umefungwa kwa kamba. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, akaenda naye kwao Ruangwa. Jirani mmoja akatuambia kwamba alipokuwa akiondoka aliwaachia watoto wa pale embe zake zote. Tukaimwaga ile ndoo kwenye shina la mwembe, tukarudi nyumbani, tukafungua sanduku na kumrudishia mwana wetu kitabu chake.

Kwa hiyo, mama, kitabu chako tumekirudisha salama kwa mkono wa mwanao. Usikitie motoni. Muulize alipofikia, kisha keti nawe usikilize.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.