Lugha ya Kompyuta Iliyopikwa Nyumbani: Itamfaa Nini Mtoto wa Kerio?

Kiswahili kimekwisha ingia ndani ya kompyuta, na habari hiyo yapendeza kuisikia. Miaka hii ya 2020 imetoka Tanzania lugha ya programu iitwayo Nuru, ambayo maneno yake ya amri ni ya Kiswahili. Mwenye kutaka mashine ionyeshe jambo huiamrisha andika. Mwenye kuweka sharti husema kama, na sharti lisipotimia, sivyo. Mwenye kutaka jawabu husema rudisha. Sisi wa pwani, tulioinyonya lugha hii kwa mama zetu, tu wepesi wa kupiga vigelegele. Mimi nasema tungoje kidogo. Tuipime kazi hii mbali na Mombasa na Unguja. Tuipime Turkana, kule ambako mto Kerio humwaga maji yake ziwani, ndipo tujue tumefika wapi.

Kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Baina yake na mtu hapana budi awepo mtu wa kati, naye ni wa namna mbili. Wa kwanza ni mkalimani: huchukua amri moja, akaieleza, mashine ikaitenda, kisha akaendea ya pili. Wa pili ni mfasiri, ambaye mafundi humwita kompaila: huchukua maandishi yote, akayakagua mwanzo hadi mwisho, akatoa programu kamili kwa lugha ya mashine. Mfano wake twaujua. Sheikh anapofasiri aya darsani faida ni kubwa, lakini akiondoka yatubidi tumngoje arudi. Ama tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, kitabu kilisafiri chenyewe na msomaji akakifungua nyumbani kwake.

Nuru ni ya namna ya kwanza, na yenyewe imeandikwa kwa Go, lugha iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2009. Hilo si aibu; fundi mwanagenzi huanza na patasi ya kuazima. Lakini madhali programu ya Nuru haiendi popote bila ya mkalimani wake, safari bado.

Kwa nini nimeitaja Turkana? Kwa sababu huko tofauti hii si ya vitabuni. Kutoka Lodwar, makao makuu ya kaunti, hadi Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, ni kilomita mia na ushei. Pembezoni mwa miji hiyo umeme aghalabu ni wa jua, na kompyuta iliyopo yaweza kuwa ile iliyokwisha chosha watu wengine. Mashine dhaifu ukiibebesha programu pamoja na mkalimani wake, huelemewa. Programu iliyopita kwa mfasiri huwa nyepesi. Ilimradi imefasiriwa kwa aina ile ya mashine, hutiwa katika flashi Lodwar, ikafika Kerio, ikahesabu samaki wa wavuvi au chanjo za mbuzi bila ya kumngoja mtu.

Vijana wa kuifanya kazi hiyo wapo. Loropio, kando ya Ziwa Turkana, tangu mwaka 2021 pana chuo cha Startup Lions, kilichosanifiwa na Francis Kéré wa Burkina Faso kwa minara ya kupitishia hewa mfano wa vichuguu, na humo vijana hufunzwa kazi za kompyuta. Kujua kutumia zana ni jambo jema. Kujua zana inavyoundwa ni jambo jingine, nalo ndilo linalonishughulisha.

Ziwa lile lile limekwisha tupa funzo. Pale Kalokol, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gharama ya kukiendesha ilipita faida, na maji safi hayakutosha, hakikukawia kufungwa. Na mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipopungua na posho ya chakula ikakatwa, Kakuma iliingia maandamano. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Watu wa huko hawahitaji kufasiriwa methali hiyo.

Sasa, je, kompaila yaweza kuundwa nyumbani? Naam, wala si uganga. Mwaka 1952 Grace Hopper wa Marekani alikwisha tengeneza programu ya kwanza iliyoitwa kwa jina hilo, na leo wanafunzi wa vyuo huunda kompaila ndogo kama zoezi la darasani. Hukata maandishi neno kwa neno, hupima sarufi yake, kisha hutoa amri za mashine. Kazi hii ya mwisho yaweza kusaidiwa na LLVM, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, ambao yeyote huutumia bila malipo.

Hapo kwenye sarufi ndipo Kiswahili kina lake la kusema. Mtu akitamka "vitabu kubwa", sikio la Mlamu hukataa kabla sentensi haijesha. Kompaila nzuri hufanya vivyo hivyo: ukijumlisha jina la mchungaji na idadi ya ngamia, hukataa kabla programu haijatenda lolote. Hadi sasa tumevika maneno yetu juu ya mifupa ya Kiingereza. Ningependa kuona lugha ambayo ngeli zenyewe ndizo zinazotenga aina za vitu.

Wako watakaosema kuwa waajiri hutaka Python na JavaScript. Ni kweli. Watasema pia kwamba mtoto wa Kerio huimbiwa na mamake kwa Kiturkana, na Kiswahili hukutana nacho shuleni na sokoni. Hilo nalo ni kweli, na latupasa sisi wa pwani tupunguze majivuno. Lakini Ramsey Nasser, aliyeunda lugha ya programu ya Kiarabu iitwayo Qalb mwaka 2012, hakuwa akitafuta waajiri. Alionyesha jinsi zana za mafundi zinavyoyavuruga maandishi ya Kiarabu, kwa kuwa zilijengwa kwa kumdhania kila mtu ni wa Kiingereza. Kazi ya nyumbani humfungua macho aliyeifanya.

Basi maneno tuyatoe, kwani tunayo tele. Ila kijana wa Lodwar akipewa maneno tu, amepewa kanzu bila ya mshono. Afunzwe kuifungua kompaila, aione kasoro yake, airekebishe kwa mkono wake, na akitaka aibadilishe iseme Kiturkana. Ikifika hapo, hata mfadhili akifunga mizigo, kazi itasalia Turkana.