Diski Isiyoonekana Huenda Haijafa

Familia nyingi za askari, huko Buwenge kama kwingineko, siku hizi huweka kumbukumbu zao katika diski ya nje ya kompyuta: picha za arusi, vyeti vya watoto, mapatano ya kiwanja, na picha alizopiga baba alipokuwa Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi mwaka 2007. Siku moja diski huunganishwa na kompyuta, nayo isionekane. Hapo ndipo subira inapotakiwa, maana mara nyingi mkono wenye haraka hupoteza zaidi ya ubovu wenyewe.

Kwanza, badilisheni waya. Waya hukatika ndani kwa ndani kwa kukunjwakunjwa, na bei yake ni ndogo. Kisha jaribuni tundu jingine, na kompyuta nyingine. Diski ndogo hutumia umeme wa kompyuta. Tundu la USB la zamani hutoa miliampea 500 tu, nazo huenda zisiitoshe. Diski kubwa huwa na adapta yake ya umeme, nayo ichunguzwe.

Pili, sikilizeni. Katika diski ya sahani, sahani huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya kila sahani bila kuigusa. Mkisikia mlio wa kugongagonga, au ikiwa diski ilianguka, izimeni mara moja. Kila ikiwashwa, sahani zaweza kukwaruzwa. Msiifungue nyumbani, wala msiitie jokofuni kama wengine wanavyoshauri. Ipelekeni kwa fundi mwenye vyombo vya kazi hiyo.

Tatu, huenda kompyuta ikaiorodhesha diski katika sehemu ya kusimamia diski, ila haikuipa herufi. Ikiwa upungufu ni huo tu, ipewe herufi, nayo itafunguka. Lakini kompyuta ikiomba ruhusa ya kuifomati, kataeni, wala msiandike kitu chochote juu yake. Programu za TestDisk na PhotoRec, zitolewazo bure, huweza kusoma yaliyomo. Na yanayookolewa yawekwe katika diski nyingine, kamwe si ile ile.

Yakiisha kupatikana, fanyeni nakala mbili, moja ikae nje ya nyumba, kwa ndugu aliye Jinja au Mbale. Moto hauchagui, wala mwizi hasomi jina lililoandikwa juu ya diski. Akiba haiozi.