"Mimi Ni Mjinga" Ni Hoja Isiyo na Mfano

Kila mwaka, baada ya mtihani wa majaribio, mimi husikia sentensi ile ile darasani. Karatasi za fasihi zikisharudishwa, mwanafunzi hutazama alama zilizozungushiwa wino mwekundu, huikunja karatasi mara mbili, huisukuma ndani ya dawati, kisha humwambia jirani yake, "Mimi ni mjinga tu." Jirani hucheka. Somo huendelea.

Wapo walimu wanaofurahia kusikia hivyo. Hudhani mtoto ameumia na sasa atatia bidii. Mimi sikubaliani nao. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo ni njia ya kukwepa kuisoma karatasi.

Nayasema haya kwa kuwa niliitumia mwenyewe. Nikiwa kidato cha nne nilipata alama 29 kati ya 80 katika Karatasi ya Tatu. Usiku huo, bweni zima limelala, nilijitukana hadi karibu alfajiri: mjinga, mzembe, mzigo kwa mama aliyekuwa akiuza ndizi ili nilipiwe karo. Ulikuwa uzungumzi nafsia mrefu ambao hakuna mhariri angeupitisha. Karatasi yenyewe niliitia sandukuni, chini ya raba za michezo. Ilikaa huko wiki tatu.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyeniagiza niilete. Nilijaribu kujitetea: "Mwalimu, mimi fasihi siiwezi."

"Sijakuuliza sifa zako," akasema. "Nimeuliza karatasi."

Tukaifungua. Swali la kwanza, lile la lazima, nilikuwa na 11 kati ya 20. Swali la riwaya, 12. Swali lililofuata lilikuwa la riwaya pia, na mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya kurasa zote mbili: sufuri. La mwisho, tamthilia, 6. Jibu lenyewe lilikuwa nusu ukurasa, na sentensi ya mwisho haikuwa na kitenzi.

Hebu tuhesabu alivyohesabu yeye. Katika maswali mawili niliyoyajibu kwa utulivu, nilipata 23 kati ya 40. Alama 20 zilipotea kwa sababu nilijibu maswali mawili kutoka sehemu moja, na maagizo yanakataza. Nyingine 14 zilikwenda kwa tamthilia, kwa kuwa swali la kwanza lilikuwa limenila saa nzima. Karatasi hii ina saa mbili na nusu kwa maswali manne. Kila swali lina dakika 37 hivi.

Kisha akauliza, "Na hadithi fupi je?"

Nilinyamaza. Diwani ya hadithi fupi sikuwa nimeisoma. Mwaka mzima nilitegemea mihtasari niliyosimuliwa na wenzangu wakati wa chakula. Maagizo niliyaona, nilitumaini tu kwamba msahihishaji hatayaona. Hilo ndilo kosa nililolificha chini ya raba kwa wiki tatu, na neno "mjinga" lilinisaidia sana kulificha. Mjinga haulizwi kwa nini hakufungua kitabu. Anahurumiwa, basi.

Mtahiniwa, wewe unajua vizuri jinsi swali la sifa za wahusika linavyosahihishwa. Ukiandika "Yona ni mlevi" ukaishia hapo, hujafika popote. Lazima uthibitishe kutoka tamthiliani. Na ukishathibitisha, bado hujammaliza Yona. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mtu huyo huyo ambaye pombe ilimfanya aitese familia yake anaiacha, anaingia jikoni, anampikia Sara aliye mgonjwa. Tamthilia haifichi aliyoyatenda, wala haimwachi palepale alipoangukia. Anayemchora Yona kama mhusika bapa anapoteza alama, tena kwa haki.

Mbona basi wewe mwenyewe unajichora hivyo? Umejipa sifa moja, hukutoa mfano hata mmoja, ukafunga kitabu.

Wapo pia wa upande wa pili: mtihani ulikuwa mgumu, mwalimu hanipendi, msahihishaji alikuwa na haraka. Hao siwasemi sana. Nao karatasi yao imo ndani ya dawati, kama ya wenzao.

Ninachowaomba wanafunzi wangu ni hiki. Usiisome karatasi jioni ya siku uliyorudishiwa. Machungu bado ni mabichi. Ichukue kesho yake, na kalamu. Pale alama ilipopotea, andika kilichotokea kwa kutumia kitenzi, usitumie kivumishi. "Nilitaja msemaji na msemewa, sikutaja mahali wala sababu." Hizo ni alama mbili kati ya nne za muktadha wa dondoo, na zinaweza kurudi wiki ijayo. "Mimi ni mvivu" hairudishi hata nusu alama, kwa sababu hujui uanzie wapi kuisahihisha.

Na andika ukweli wote, hata ule usio kosa lako. Kama ulikuwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo darasa lilipokuwa likichambua riwaya, liandike hilo. Huo si udhuru. Unaeleza ni sura zipi ulizozikosa, na kwa hiyo ni sura zipi utamwomba mwenzako mzisome pamoja. Jiulize pia: mwenzako huyo angekuonyesha karatasi ya alama 29, ungemwambia maneno uliyojiambia wewe? Nadhani ungemuuliza swali gani limemshinda.

Jambo moja silichukulii mzaha. Ikiwa sauti hiyo ya matusi haikuachi, hulali, huli, na unaanza kuona kwamba huna faida kwa mtu yeyote, jambo hilo limepita mambo ya mtihani. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha au mtu mzima unayemwamini, leo hii, usingoje matokeo.

Mimi siku ile nilitoka ofisini nikiwa na haya, lakini nilikuwa na orodha fupi mkononi. Jioni, wakati wa masomo ya ziada, niliazima diwani kwa mwenzangu wa dawati. Aliniuliza, "Hujaisoma kweli?" Nikamwambia sijaisoma. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa sauti. Nilitafuta hadithi fupi kuliko zote, nikaanza na hiyo.